Askari wa Mwili Wanapochoka
Mazungumzo juu ya ugonjwa wa sepsisi



Leo tumekuja kuzungumza juu ya ugonjwa unaoua upesi, nao vijijini hauna jina. Madaktari huuita sepsisi. Wengine husema sumu imeingia katika damu. Sisi wenyewe, mtu akifa kwa ugonjwa huu, tunasema, "Alikufa kwa kidonda." Au tunasema, "Alikufa kwa homa." Au, "Alikufa kwa uzazi." Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kidonda ni mlango tu. Aliyeingia kwa mlango huo ndiye tunayetaka kumjua, na pia tunataka kujua kwa nini walinzi wa nyumba walishindwa kumzuia.

Ugonjwa huu si mdogo. Wataalamu walihesabu kwamba katika mwaka 2017 watu karibu milioni 49 duniani waliugua sepsisi, na watu milioni 11 wakafa. Maana yake, katika kila vifo 5 duniani, kifo 1 hivi kilihusiana na sepsisi. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa watoto wadogo. Na walioumia zaidi ni watu wa nchi kama zetu. Mwaka huo huo wa 2017, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote zipambane na ugonjwa huu.

Basi tusikilizane vizuri. Tutaanza na askari wa mwili.

Askari hao ni akina nani?

Katika damu yetu zimo chembe nyekundu na chembe nyeupe. Chembe nyekundu hubeba hewa safi. Chembe nyeupe ndizo askari. Ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona bila hadubini. Nyingi huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho. Zingine hukaa katika wengu, yaani bandama, na katika mitoki ya shingoni, kwapani na kinenani. Ndiyo maana ukiumia mguu, mtoki wa kinena huvimba. Askari wanakusanyika kambini.

Aliyeonyesha kazi ya askari hawa alikuwa mtaalamu wa viumbe kutoka Urusi, jina lake Elie Metchnikoff. Mwaka 1882 alikuwa Messina, mji wa kisiwa cha Sicily huko Italia. Alichukua mtoto mchanga wa kiti cha pwani, ambaye mwili wake unapenya mwanga kama kioo, akamchoma mwiba mdogo. Kesho yake akatazama. Akakuta chembe nyingi zimeuzunguka mwiba, zinataka kuula. Akafahamu kwamba mwili una walinzi walao maadui. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sisi sote tumewahi kuchomwa na mwiba shambani. Pale ulipoingia panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto, halafu usaha unatoka. Ile ni vita. Usaha wenyewe ni maiti za askari waliokufa wakipigana, pamoja na maiti za vijidudu.

Askari wako wa aina nyingi. Leo tutaje aina tatu tu.

Aina ya kwanza ni askari wa mstari wa mbele. Hawa ndio wengi, nao hufika wa kwanza. Wanameza vijidudu na kuviua kwa sumu yao. Maisha yao ni mafupi.

Aina ya pili ni walinzi walao, wanaokaa katika ngozi, mapafu, ini na sehemu nyingine. Mlinzi wa aina hii akimla adui, hutwaa kipande cha adui huyo na kukiinua juu kama bendera. Anawaambia wenzake, "Mwoneni, adui ni wa namna hii."

Aina ya tatu ni askari wenye kumbukumbu. Wanaiona ile bendera, wanamjua adui, wanaongezeka wawe wengi, na wengine kati yao wanatengeneza kinga inayodumu. Chanjo hufanya kazi kwa sababu ya hawa. Tena hawa ndio wanaoshambuliwa na virusi vya UKIMWI.

Askari hao husemezana vipi? Hawana mdomo. Wanatoa kemikali zinazokwenda na damu. Tuseme ni yowe. Mtu akivamiwa na wezi usiku anapiga yowe, na majirani wanakuja. Hivyo ndivyo mwili unavyofanya.

Yowe linapokosa mpaka

Sasa sepsisi ni nini? Ni hali ambayo vijidudu vimeingia mwilini, na mwili wenyewe, katika kujitetea, unaanza kujiumiza.

Hebu fikirini. Moto umewaka jikoni kwa jirani. Watu kumi wakija na maji, moto unazimika. Lakini kama yowe limepigwa katika kata nzima, na watu elfu wakaja usiku mmoja, gizani, kila mtu na panga lake, itakuwaje? Watakanyaga maharage. Watakata migomba. Watapigana wao kwa wao. Asubuhi moto umezimika au haujazimika, lakini shamba limekwisha.

Katika sepsisi yowe linafika mwili mzima. Askari wanakimbilia kila mahali, hata pasipo na adui. Mishipa midogo ya damu inalegea na kuvuja. Maji ya damu yanatoka nje ya mishipa. Nguvu ya damu inashuka. Damu inaganda vipandevipande katika mishipa midogo, na sehemu za mwili zinakosa hewa. Figo zinaacha kutengeneza mkojo. Mapafu yanajaa maji, mgonjwa anahema mbiombio. Ubongo unachanganyikiwa, mgonjwa anaanza kusema maneno yasiyoeleweka.

Hapo ndipo baadhi yetu husema, "Huyu amepandwa na pepo," au "Amerogwa." Ndugu zetu, mgonjwa mwenye kidonda au homa akianza kusema ovyo, hilo ni jambo la hospitali, na ni la saa ile ile.

Askari wanapochoka

Zamani wataalamu walidhani ubaya wa sepsisi ni huo tu, yaani askari kupigana kupita kiasi. Wakatafuta dawa za kuwatuliza askari. Nyingi ya dawa hizo hazikuokoa watu kama walivyotumaini. Baadaye wakafahamu jambo jingine. Wakati askari wengine wanapigana ovyo, wengine tayari wamechoka, na wengine wanakufa.

Mwaka 2011 wataalamu wa St. Louis huko Marekani walitoa habari za uchunguzi wao. Walichukua vipande vya wengu na mapafu vya watu 40 waliokufa kwa sepsisi, mara baada ya kufa. Wakazijaribu zile chembe nyeupe kwa kuzishtua. Chembe za mtu asiye na sepsisi zikishtuliwa hupiga yowe kubwa. Hizi za watu wa sepsisi zilitoa sauti ndogo mno. Askari walikuwepo, lakini walikuwa kama watu walioshindwa kunyanyua mikono.

Tueleze kinachotokea kwa kila aina.

Askari wa mstari wa mbele wanaisha upesi. Uboho unapeleka vijana ambao hawajakomaa. Vijana hao hawajui vizuri kumfuata adui wala kumuua. Wanapotea njia.

Walinzi walao wanashusha bendera zao. Wanaweza kumla adui, lakini hawawaonyeshi wenzao. Wenzao wanakaa hawajui kuna vita gani.

Askari wenye kumbukumbu wanakufa kwa wingi. Hawauawi na adui. Mwili unawapa amri ya kujiua wenyewe. Waliobaki wamefungwa breki.

Matokeo yake ni haya. Mgonjwa aliyeokoka vita vya kwanza anabaki bila ulinzi. Vijidudu dhaifu, ambavyo siku nyingine visingeweza kumfanya lolote, vinamshinda. Virusi vilivyokuwa vimelala mwilini vinaamka. Mtu anapona kidonda, halafu anakufa kwa nimonia baada ya wiki tatu. Watu wanashangaa, "Si alikuwa amepona?"

Habari kutoka Mbarara

Jambo hili si la Marekani tu. Limeonekana karibu nasi, Mbarara, ng'ambo ya mto Kagera.

Wataalamu huko Uganda waliwafuatilia watoto 1,307 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, ambao walilazwa hospitalini Mbarara kwa magonjwa ya kuambukizwa. Habari zao zilitolewa mwaka 2015. Watoto 65 walifia hospitalini. Wengine waliruhusiwa kurudi nyumbani, na wazazi walishukuru Mungu. Lakini katika miezi 6 iliyofuata, watoto wengine 61 walikufa. Wengi wao hawakufia hospitalini.

Tazameni hesabu hiyo. Waliokufa baada ya kuruhusiwa ni karibu sawa na waliofia wodini.

Sababu si moja. Waliokuwa katika hatari zaidi ni watoto waliokonda, wenye mkono mwembamba, watoto wenye virusi vya UKIMWI, na wale waliokuwa wamelazwa siku si nyingi kabla ya hapo. Hao wote ni watoto ambao askari wao walikuwa wachache au wamechoka.

Sisi wa Kagera tunaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wetu, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilikwisha mwaka 1979. Lakini je, daraja lilijisimamisha lenyewe siku bunduki ziliponyamaza? Mifugo iliyochukuliwa ilirudi yenyewe? Hapana. Watu walirudi kwenye mahame, wakaanza upya, pole pole. Na mwili wa mtu aliyetoka katika sepsisi ni hivyo hivyo. Vita vimekwisha, lakini daraja bado limevunjika.

Kwa hiyo cheti cha kuruhusiwa hospitalini kisitudanganye.

Milango ya adui

Sasa tuzungumze juu ya milango, maana milango tunaweza kuifunga wenyewe.

Mlango wa kwanza ni kidonda. Tunapalilia migomba kwa panga na jembe. Tunakatwa, tunachomwa, tunaendelea na kazi. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji safi mengi na sabuni. Kifunikwe kwa kitambaa safi. Tusipake kinyesi cha ng'ombe, wala udongo, wala mafuta ya gari. Kidonda kirefu au chenye uchafu ndani kiende zahanati, na mtu aulizie sindano ya pepopunda.

Mlango wa pili ni uzazi. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna huko Austria, akina mama walikuwa wanakufa ovyo kwa homa ya uzazi. Katika mwezi wa Aprili walikufa 18 hivi katika kila mama 100. Daktari Ignaz Semmelweis akagundua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuwazalisha akina mama bila kunawa vizuri. Akawaamuru wanawe kwa maji yenye klorini. Kufika mwezi wa Juni waliokufa walikuwa 2 hivi katika kila 100. Dawa ilikuwa kunawa mikono! Na bado wakubwa wengi wa wakati ule walimpinga.

Wakulima wa ndizi hatuna haki ya kumpinga. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera katika miaka ya 2000, tulifundishwa kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa lisikate mgomba mzima kabla ya kusafishwa kwa moto au kwa dawa. Tulikubali, kwa sababu tuliona shamba likikauka. Basi kama panga linaweza kubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, mkono hauwezi kuubeba kutoka mtu hadi mtu?

Mlango wa tatu ni kitovu cha mtoto mchanga. Kiachwe kikavu na kisafi. Tusiweke majivu, wala mate, wala majani. Atakayemshika mtoto anawe kwanza.

Mlango wa nne ni mapafu, tumbo na njia ya mkojo. Nimonia ni mlango mkubwa sana kwa watoto na wazee. Maji machafu na choo kibovu ni mlango pia. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu pamoja, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile haikuzeeka.

Mlango wa tano huenda utawashangaza. Ni malaria. Malaria haileti vijidudu vya kidonda, lakini inapasua chembe nyekundu za damu, na mabaki yake huwadhoofisha askari wa mstari wa mbele. Mtoto mwenye malaria hupata kwa urahisi zaidi vijidudu katika damu. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1999 na mwaka 2007 malaria ilipungua sana. Watoto waliolazwa kwa malaria walishuka kutoka 28 hivi hadi 3 hivi kwa mwaka katika kila watoto 1,000. Na je, watoto wenye vijidudu katika damu walibaki vile vile? Hapana, nao walipungua. Kwa hiyo mwenye kulala ndani ya chandarua anawalinda askari wake pia.

Saa ya kuondoka nyumbani

Sasa tunafika penye kiini cha mazungumzo. Mtu aondoke lini?

Kilifi walifanya uchunguzi mwingine, wa mwaka 1998 hadi 2002. Kati ya watoto waliofika hospitali wakiwa na vijidudu katika damu, 308 walikufa. Na kati ya hao 308, watoto 103 walikufa siku ile ile ya kufika. Mmoja katika kila watatu! Hawa walifika, lakini walifika jioni ya maisha yao. Dawa ilikuwapo, daktari alikuwapo, muda ndio haukuwapo.

Kwa hiyo tujifunze dalili hizi. Yafaa tuzikate na kuzibandika ukutani.

Kwa mtu mzima:
1. Homa kali, au mwili kuwa baridi isivyo kawaida.
2. Kuhema haraka. Hesabu kwa saa au simu. Mtu mzima akihema mara 22 au zaidi kwa dakika, na hakukimbia, ni hatari.
3. Kuchanganyikiwa, kusema ovyo, au usingizi usioamshika.
4. Kukosa mkojo tangu asubuhi hadi jioni.
5. Mikono na miguu ya baridi, ngozi yenye madoadoa.
6. Udhaifu mkubwa, mtu kushindwa kusimama.

Kwa mama aliyejifungua, katika wiki 6 za kwanza: homa, maumivu makali ya tumbo la chini, au uchafu unaonuka. Tusiseme, "Homa ya mzazi ni kawaida, maziwa yanaingia." Apelekwe.

Kwa mtoto mchanga: kukataa kunyonya, kulegea, degedege, kuhema mara 60 au zaidi kwa dakika, mwili wa moto au wa baridi, kitovu chekundu au chenye usaha. Dalili moja tu inatosha.

Kuna mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Namba yake ya simu ni 115, na hailipiwi. Ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Iandikeni.

Hapa tuseme neno moja gumu. Vijijini mwetu tuna vyama vya kuzikana, navyo ni vyema. Mtu akifa leo, kabla jua halijazama jeneza limepatikana, ndizi zimeletwa, kuni zimeletwa. Lakini mtu huyo huyo alipokuwa anahema mbiombio juzi, nauli ya pikipiki kwenda Nyakahanga ilikosekana. Kwa nini mkono wetu ni mwepesi kwa maiti na mzito kwa mgonjwa? Kama chama kina fedha ya sanda, kiweke pia fedha ya nauli. Mgonjwa akipona atairudisha. Maiti hairudishi kitu.

Juu ya dawa na dripu

Mgonjwa wa sepsisi anahitaji dawa ya kuua vijidudu, mara nyingi kwa sindano, na anaihitaji mapema. Lakini tusinunue vidonge viwili dukani na kungoja kesho. Dozi pungufu huwafunza vijidudu usugu. Katika uchunguzi uliofanywa Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, ilionekana kwamba watoto wenye vijidudu sugu katika damu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Vidonge tunavyovichezea leo ndivyo tutakavyovikosa kesho.

Kipimo cha malaria kikionyesha malaria haipo, tusimlazimishe mganga atoe dawa ya malaria. Atafute adui mwingine. Na kikionyesha malaria ipo, bado mganga anaweza kukuta maradhi mawili kwa pamoja.

Tena tuna desturi ya kudai dripu. "Mgonjwa wetu hajawekewa maji, hawa hawafanyi kazi!" Ndugu zetu, sikilizeni. Katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Hospitali Teule ya Muheza mkoani Tanga, watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri walichunguzwa. Wengine walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka. Wengine walipewa kidogo kidogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika saa 48, waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa 10 hadi 11 katika kila 100. Wenzao walikufa 7 katika kila 100. Uchunguzi ulisimamishwa mapema, na ukabadilisha mawazo ya madaktari duniani.

Kwa nini? Kumbukeni, mishipa inavuja. Hii haina maana kwamba dripu ni sumu. Mtoto wa kuharisha ana haja kubwa ya maji, wala tusimnyime. Maana yake ni kwamba kipimo cha maji kiamuliwe na mganga, si na shangazi aliyesimama mlangoni.

Akirudi nyumbani

Mgonjwa akirudi, tufanye hivi.

Tumpe chakula cha nguvu. Ndizi peke yake hazitoshi. Aongezewe maharage, mayai, dagaa, maziwa, mboga za majani na matunda. Askari wapya hawatengenezwi kwa wanga mtupu.

Apumzike. Mume aliyetoka hospitalini asipewe jembe wiki ile. Mama aliyepona homa ya uzazi asirudishwe kuchota maji na kuvuna kahawa kwa sababu tu anaweza kusimama. Uchovu wake si uvivu.

Anayekohoa asimbebe mtoto aliyetoka wodini. Wageni wanawe mikono. Salamu zetu ni njema hata zikitolewa uani.

Alale ndani ya chandarua. Mtoto amalize chanjo zake. Aliyeandikiwa dawa azimalize. Aliyepewa tarehe ya kurudi kliniki arudi, hata kama anajisikia mzima.

Na dalili zikirudi, tusiseme, "Si juzi tu alitoka hospitali?" Tuseme, "Kwa kuwa juzi alitoka hospitali, aende upesi zaidi." Miezi 6 ya kwanza ndiyo ya kukaa macho.

Ndugu wananchi, sisi tuliojifunza kusoma tukiwa watu wazima tunajua faida ya herufi moja. Aliyesoma jina la dawa hakumnywesha mtoto dawa ya ng'ombe. Sasa tuna neno jipya, sepsisi. Tulipeleke nyumbani. Tumsomee jirani ambaye macho yake yamezeeka. Tulipeleke katika mkutano wa kijiji na katika chama cha kuzikana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mgonjwa akizidiwa usiku, nani anapigiwa simu ya pikipiki? Tuandike namba zake.
2. Je, chama chetu cha kuzikana kinaweza kutenga fedha ya nauli ya wagonjwa? Kiasi gani, na nani ataitunza?
3. Ni vitu gani tunavyovipaka kwenye vidonda na vitovu? Vipi tuviache?
4. Nani katika kitongoji chetu ametoka hospitalini katika miezi 6 iliyopita? Tumekwenda kumtazama?

Swali la nne lisingoje mkutano ujao. Lijibiwe leo jioni, kwa miguu.